Koti la Halvor

Wa kwanza nilimkuta Januari, theluji imeziba mlango wa ghala,
ndani ya mkono wa koti la Halvor
ambalo sijalitoa msumarini tangu tumzike.
Umbo la ngao, rangi ya gome lililolowa,
pete nyeupe kwenye vipapasio.
Nikambinya. Kosa.
Harufu ilinikaa vidoleni hadi Jumapili,
na kanisani Ardis Moen akasogea mwisho wa benchi.

Huku kusini mwa Minesota tulikuwa na orodha ya hofu zetu:
vidukari wa soya, magugu yanayoicheka dawa,
mvua ya mawe. Huyu hakuwemo.
Lyle wa ng'ambo ya barabara alisema, mgeni tu, atapita.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikuja na jembe lake:
mdomo, sindano iliyokunjwa chini ya kifua.

Agosti chuo kilimleta Pakou Lor,
buti kubwa kuliko miguu, wavu mweupe wa kitambaa.
Alipita akipiga vilele vya soya, kulia, kushoto,
taratibu, kama anayefagia ua na mtoto amelala,
akihesabu kwa Kihmong.
Kwa Kiingereza, alisema, huwa naruka namba.
Mapigo ishirini na tano. Akaukaba wavu shingoni.
Saba.

Saba si wengi, nikasema.
Hakunijibu. Akanyofoa ganda moja, akalipasua kwa ukucha:
punje ya kwanza nzima,
ya pili imesinyaa kama sikio la panya,
ya tatu palikuwa na nafasi yake tu.
"Hatafuni," alisema. "Anachoma, anatema mate, anafyonza.
Jani linabaki zuri."
Nami kila jioni nilipita na gari, kioo chini,
nikiusifu ukijani ule.

Akanusa kidole chake, akacheka.
Kotmiri! Mama yake huuza kotmiri sokoni Sent Poli,
mafungu yaliyobanwa kwa mpira.
"Nikimwambia kuna mdudu ananukia biashara yake
nitalala nje."

Kisha akanishika mkono. Nilikuwa nimeshamlenga mwingine,
ngao ileile, kahawia ileile.
"Huyo mwache. Mtazame mabega."
Yalikuwa na miiba. Na mdomoni kiwavi
ananing'inia, amelegea kama soksi kwenye kamba.
Wanafanana, nikasema.
"Wanafanana. Ndiyo maana nalipwa."
Nikakumbuka chupa yangu ya maji ya sabuni, dirishani jikoni,
na wote niliowazamisha humo
bila kumwuliza hata mmoja habari za mabega.

Oktoba shamba likakauka vizuri, katikati.
Kando ya miti, safu kumi na mbili zilikataa kuzeeka:
mashina mabichi, majani yamening'ang'ania,
maganda bapa yasiyo na cha kuivisha.
Mashine ya kuvunia ikazimeza, ikakohoa, ikasimama.
Nikashuka kuichomoa mibichi ile kwa mikono,
nikimtukana Halvor, maana ndiye aliyeipanda ile miti
ili upepo usinipige nikianika nguo.
Kwenye mizani ya ushirika kijana alichota konzi,
akaipukutisha, akaandika namba.
Hakuniangalia.

Sasa ni Novemba. Wanaingia kwa nyufa za madirisha,
mmoja mmoja, kama watu waliochelewa mazishini.
Yupo kwenye pazia. Yupo ndani ya kivuli cha taa, anagonga, anagonga.
Lyle amenipigia: na kwake wapo, kwenye vitabu vya nyimbo.
Hakusema tena mgeni.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
lakini hawakusema nguo ya marehemu tufanyeje.
Nililitoa koti nje, kwenye baridi ya kukata masikio,
nikalikung'uta mara ishirini na tano,
nikihesabu kwa sauti, na namba nyingine nadhani niliziruka.
Kumi na mmoja wakaanguka kwenye theluji, miguu juu.
Niliwageuza kwa kijiti, mmoja baada ya mwingine,
kutazama mabega.
Kisha nikalirudisha koti msumarini.